Shajara ya Gereji: L200 ya Mama Peasi

Jumanne, 4 Machi 2025. Makorora, Tanga

Mitsubishi L200 nyeupe imeingia asubuhi, nyuma bado ina magunia ya kabichi. Mwenye nayo ni mama wa Lushoto anayeuza mboga na matunda Mgandini. Wenzake sokoni wanamwita Mama Peasi, nami humu nitamwita hivyohivyo. Tukasalimiana, na kabla sijamkaribisha kiti akasema: "Fundi, turbo imekufa tena. Nitajie bei tu."

Hilo "tena" ndilo lililonifanya niweke spana chini. Kumbe Januari gereji nyingine ilimfungia turbo ya mtumba, kwa sababu gari lilikosa nguvu na kutoa moshi. Akaona nafuu siku chache, kisha hali ikarudi, na sasa imezidi. Kutoka Mombo kupanda Soni anatembelea gia ya pili, moshi mweusi nyuma, Coaster zinampigia honi. Asubuhi za baridi kule juu gari halitaki kuwaka. Likiwaka linatoa moshi mweupe unaonuka dizeli mbichi na kuchoma macho.

Moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa ya kutosha, au iliyochelewa kuungua. Mweupe wa namna hii ni dizeli ambayo haikuungua kabisa. Turbo ikivujisha oili, moshi huwa wa bluu. Nilimwambia dereva wa mama apige resi, nikaziona rangi zote, kwa zamu. Gari hili halina ugonjwa mmoja.

Nikamketisha mama, nikamwomba anisimulie tangu mwanzo, si tangu turbo. Watu wengi huanza kusimulia pale pesa zilipoanza kutoka. Dereva ndiye aliyekumbuka: Desemba kulikuwa na sauti mbele ya injini, upande wa feni, kama panya anayechakura ndani ya kabati. Ikadumu siku kadhaa, ikanyamaza yenyewe, wakamshukuru Mungu. Tangu hapo gari likisimama huku injini inaunguruma, usukani unatetemeka na kioo cha pembeni hakitulii. Gereji ile iliwaambia ni mipira ya injini imechoka.

Sauti inayokwisha bila kutengenezwa huwa sina imani nayo.

Jambo jingine, na hili ni la bahati: turbo ya kwanza wanayo. Imo kwenye kiroba nyuma ya kiti. Mama alikataa kuiacha. "Nimeinunua na gari, nimeilipia kuitoa, niwaachie ya nini?" Nimeomba nilale nayo.

Usiku, baada ya futari

Nimekifungua kiroba mezani. Turbo ni kitu kidogo kwa kazi inayofanya: moshi unaotoka kwenye injini unasukuma gurudumu moja, mhimili unapeleka mzunguko upande wa pili, gurudumu la pili linakandamiza hewa kuingia kwenye silinda. Mhimili huo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na haukai kwenye beringi za gololi. Unaelea juu ya utando wa oili. Oili ikikosekana au ikiwa chafu, utando unakatika, na hapo ndipo kifo cha kweli cha turbo kinapoanzia.

Nimepima kwa mkono. Juu na chini mhimili unacheza kidogo, na hiyo ni kawaida turbo ikiwa kavu, kwa kuwa nafasi ile ndiyo inayojazwa na oili. Mbele na nyuma hausogei hata kidogo ninavyoweza kuhisi, na hicho ndicho kipimo kikubwa. Mabawa hayana jeraha, hayajasugua nyumba yake. Nikizungusha kwa kidole inakwenda na kusimama taratibu. Upande wa moshi una masizi makavu, si oili iliyoungua.

Turbo hii ni nzima. Ilitolewa ikiwa nzima.

Jumatano, 5 Machi

Nilimwomba mama aniachie gari nifungue kava la mkanda wa taimingi. Amekataa. Mwezi wa Ramadhani, bei ya viazi na karoti iko juu, mzigo unamngoja Lushoto. Safari moja tu, halafu analeta. Nilimwambia mbele ya dereva kwamba gari lisipande mlima kabla sijaona mkanda. Wakaondoka. Gari ni lake.

Kijana wangu kaniuliza kwa nini nimeng'ang'ania mkanda wakati malalamiko ni ya turbo. Swali zuri, naliandika na jibu lake maana nitaulizwa tena.

Injini ya petroli inawashwa na plagi za cheche. Dizeli haina. Inabana hewa mpaka iwe ya moto (injini hii, 4D56, inaibana mara 21), kisha pampu inapuliza dizeli, nayo inajiwasha yenyewe kwa lile joto. Kwa hiyo saa ya kuwaka ni saa ya pampu. Na kwenye injini hii pampu inazungushwa na mkanda uleule unaozungusha kemshafti: krenki chini, kemshafti juu, pampu ubavuni. Mkanda ukiruka jino moja kwenye pampu, dizeli inafika imechelewa. Kukiwa na baridi haiwaki, unaona mweupe. Ukiweka mzigo inawaka pistoni imeshaanza kushuka, nguvu inapotea, unaona mweusi. Dereva anahisi nini? Gari zito, moshi, mlima haupandiki. Mtu akisimuliwa hivyo tu, atasema turbo. Na pampu huzunguka nusu ya mwendo wa krenki, kwa hiyo nyuzi moja ya kosa kwenye puli yake ni nyuzi mbili kwenye krenki. Jino moja si jambo dogo.

Kinachoniudhi ni kwamba turbo ndiyo hutuhumiwa kwanza kwa sababu inaonekana, inapiga mluzi, na ina bei nzuri kwa muuzaji. Mkanda umejificha ndani ya kava la plastiki, na kuufikia lazima utoe feni, mikanda ya nje na puli ya krenki. Kwa mtu anayetaka kumaliza kabla ya adhuhuri, ushahidi uko mbali mno.

Jambo la kukumbuka gari likirudi: skrubu ya mafuta nyuma ya pampu ya dizeli imeguswa. Rangi ya kiwandani imechubuka na nati yake inang'aa. Aliyefunga turbo ya mtumba aliona nguvu haikurudi, akaongeza dizeli. Hizo ndizo siku chache za nafuu alizozipata mama.

Alhamisi, 6 Machi

Simu kutoka kwa dereva. Wamekwama karibu na Pongwe wakirudi na mzigo. Hakukuwa na mlio mkubwa, anasema, ila "tap" moja na injini ikazima palepale kwenye mwendo.

Nilimwambia apige stata mara moja tu, sekunde mbili, simu iwe karibu na boneti. Nikasikia ninachokijua. Injini yenye kompresha inapopigwa stata inasikika ikihema, nzito, nyepesi, nzito, nyepesi. Hii ilizunguka laini, haraka, bila kukwaa popote. Nikamkataza asiguse ufunguo tena mpaka gari lifike kwangu. Kila mzunguko baada ya hapo unaweza kuongeza hasara.

Wamelikokota kwa kamba. Mboga zimehamishiwa kwenye Noah ya mtu.

Kipimo cha kwanza hakihitaji kifaa. Nimefungua kifuniko cha kujazia oili juu ya injini, nikamulika tochi ndani, kijana akazungusha krenki kidogo kwa spana. Krenki inakwenda, kemshafti imelala. Mkanda umekatika. Mama kanitazama, nami sikuwa na la kusema ambalo yeye hakulijua. Akauliza tu: "Na turbo?" Nikamwambia turbo tutaifikia.

Ijumaa, 7 Machi

Kava limetoka kabla ya sala ya Ijumaa.

Hapa Desemba yote imo. Nyuma ya mkanda mkubwa injini hii ina mkanda wa pili, mdogo, unaoendesha mihimili ya kupunguza mtetemo. Injini ya silinda nne, hata ikitengenezwa vizuri vipi, ina mtetemo wake wa asili, na mihimili miwili yenye uzito wa upande mmoja, inayozunguka mara mbili ya kasi ya krenki, inaufuta. Alibuni mihimili hii Mwingereza Frederick Lanchester mwanzoni mwa karne iliyopita, na Mitsubishi wakaiingiza kwenye magari ya watu wa kawaida miaka ya 1970. Raha yake unaijua siku unapoikosa, kama usukani wa Mama Peasi unavyoshuhudia.

Mkanda mdogo haupo. Yaani upo kwa vipande: nyuzi zimejisokota kwenye puli ya krenki, pamba nyeusi imejaa chini ya kava, kipande kirefu kama kidole kimebanwa pembeni. Ile sauti ya kuchakura ilikuwa mkanda huu ukichanika na kupiga kava. Iliponyamaza, ulikuwa umekwishakatika. Mtetemo ukaanza siku ileile. Kisha kipande kimoja kikaingia chini ya mkanda mkubwa, ukaruka jino. Hapo moshi, hapo ukosefu wa nguvu, hapo gereji ya Januari. Mkanda mkubwa ukaendelea kutembea umeliwa ukingo, meno manne yamenyofoka, mpaka Pongwe.

Na kwa nini mdogo ulikatika? Umelowa oili. Sili ya mbele ya krenki inavuja, na oili hulainisha mpira wa mkanda mpaka ukavimba. Lakini kuna kubwa kuliko sili. Juu ya kava kuna kibandiko cha mkono: mkanda umebadilishwa kwenye kilomita 268,000. Odomita sasa inasoma 301,000 na ushei. Mkubwa ulibadilishwa kweli, chapa yake bado inasomeka. Mdogo waliuacha. Ili kuutoa ni lazima uondoe na puli ya taimingi ya krenki, kazi ya saa moja zaidi, na mwenye gari haoni tofauti. Mafundi wengine huuondoa kabisa wasiurudishe, na injini hutembea, ila inatetemeka maisha yake yote. Mimi siupendi ujanja huo, lakini hata huo ni bora kuliko kuuacha mzee ndani, mkanda mpya ukizunguka mbele yake.

Jumamosi, 8 Machi

Kava la juu la injini. Roka tatu kati ya nane zinazosukuma valvu zimekatika katikati, safi kabisa.

Hii ni habari njema, ingawa mama aliposhika vipande mkononi hakuamini. Kwenye 4D56 pistoni inapogonga valvu iliyobaki wazi, roka za aluminiamu ndizo mara nyingi hukatika kwanza, na valvu ikapona. Mara nyingi, si kila mara. Ndiyo maana kuna kupima kabla ya kuagiza vitu.

Nimetoa roka zote ili valvu zote zifunge. Nikatoa plagi za kupasha moto, nikaweka gia ili krenki isisukumwe na upepo, nikapuliza hewa ya kompresa kwenye tundu moja baada ya jingine. Halafu ni kusikiliza tu. Upepo ukitokea kwenye njia ya hewa, valvu ya kuingizia imepinda. Ukitokea kwenye ekzosi, ni ya kutolea. Ukitokea kwenye tundu la oili, ni ringi za pistoni. Silinda zote nne zilipiga sauti ileile hafifu, chini, kwenye tundu la oili, kiasi cha injini ya umri huu. Njia ya hewa kimya. Ekzosi kimya. Silinda hedi haitoki.

Nimempigia mwenye spea Gerezani, Dar: mikanda yote miwili, tenshena zote mbili za kuikaza, sili ya krenki na ya kemshafti, roka tatu. Vitakuja na basi. Mama aliuliza kama tenshena za zamani hazifai. Zinazunguka, ndiyo. Lakini beringi ya tenshena ikikwama mwezi ujao tutarudi hapahapa, na wakati huo huenda roka zisikatike, zikapinda valvu. Akatikisa kichwa, akalipa.

Jumatatu, 10 Machi

Wakati nasubiri basi, turbo ya mtumba.

Nimefungua mpira wa hewa unaotoka kwake. Oili imetuama ndani, inadondoka. Mhimili unasogea mbele na nyuma mpaka unasikia "tik", na mabawa yamechora duara jipya kwenye nyumba yake. Hii ndiyo iliyokufa. Aliyemwambia mama kuwa turbo imekufa safari hii hakusema uongo, aliiua mwenyewe.

Ilivyouawa: oili huingia kwenye turbo kwa shinikizo, lakini hutoka kwa kudondoka tu, kwa uzito wake, kupitia bomba pana la chini linalorudi kwenye injini. Bomba hilo likizibwa hata nusu, oili inajaa, haina pa kwenda ila kupita kwenye ringi za mhimili: upande huu kwenye hewa, upande ule kwenye moto. Nimetoa flenji ya bomba la kurudishia. Badala ya gasketi kuna silikoni nyekundu, imepakwa kwa ukarimu, na iliyozidi imejikunja ndani ikafunga zaidi ya nusu ya tundu. Kipande kingine kimening'inia, kinangoja safari. Gasketi ya pale ni kitu cha bei ya chai na maandazi.

Nimeosha mabomba yote ya hewa kwa dizeli na kuyakausha. Watu huruka hatua hii. Dizeli haichagui: oili iliyotuama kwenye njia ya hewa ikivutwa kwa wingi, injini inaichoma kama mafuta yake, inapanda resi yenyewe, na ukizima ufunguo haizimi, kwa sababu hailishwi tena na pampu. Dawa ni kuiziba hewa, au kukanyaga breki kwa nguvu ukiwa gia ya juu na kuachia klachi izimike. Naweka kipande cha mbao karibu kila ninapowasha gari lililofunguliwa turbo. Kijana aliniona mwoga. Nimemwambia asisimame mbele ya feni, mengine atayajua.

Jumatano, 12 Machi

Vitu vimefika, sili zimeingia kwanza. Kuvuta mkanda mpya juu ya sili inayovuja ni kutupa mkanda.

Alama tatu: krenki, kemshafti, pampu. Hii ya pampu ni korofi, ina springi ndani inayoitaka irudi nyuma mara mkanda unapolegea, kwa hiyo kijana kaishikilia kwa spana mpaka meno yakakaa. Tenshena imeachiwa ivute yenyewe, ikafungwa. Halafu krenki imezungushwa kwa mkono mizunguko miwili kamili, taratibu, nikaangalia alama upya. Zimelingana. Ndipo stata iruhusiwe.

Turbo iliyorudi ni ile ya kiroba. Gasketi mpya chini, bomba la kulishia limepulizwa, oili na filta mpya. Nimemimina oili kidogo kwenye tundu lake, nikachomoa waya wa kuzimia kwenye pampu, nikapiga stata bila kuwasha mpaka taa ya oili ilipozima kwenye dashibodi. Sasa oili imefika kwa mhimili kabla ya kazi kuanza. Nikarudisha waya. Imewaka mara ya kwanza. Usukani umetulia, mama kauwekea kiganja juu, hakusema kitu.

Skrubu ya mafuta nimeirudisha mpaka moshi mweusi ukawa kivuli tu ninapokanyaga ghafla. Kibandiko kipya kimeandikwa: mikanda miwili, tenshena mbili, kilomita 301,000.

Jumamosi, 15 Machi

Tumepanda na mzigo wa saruji, Mombo mpaka Lushoto, mimi nimekaa kwa abiria na geji ya shinikizo mapajani, mpira wake umepitishwa dirishani. Sindano imepanda na kukaa, haikutetemeka. Gia ya tatu pale ambapo alikuwa akienda ya pili. Moshi hakuna, isipokuwa wa lori lililokuwa mbele yetu.

Soni tuliposimama dereva alizima papo hapo. Nimemkataza. Baada ya mlima turbo ni ya moto mno, na ukizima injini oili iliyo ndani inasimama, inaungua, inageuka mkaa kwenye njia zake. Aache ingurume dakika moja au mbili, ndipo azime. Anasema hakuna aliyewahi kumwambia, na ameendesha dizeli tangu ujana wake.

Mama Peasi alitaka karatasi ya kupeleka gereji ile, adai pesa ya turbo. Nimeandika nilichokiona na kukipima: turbo ya awali haina mwendo wa mbele na nyuma, mkanda mdogo ulikatika na haukuwa umebadilishwa, bomba la kurudisha oili lilizibwa na silikoni, skrubu ya pampu ilifunguliwa. Akauliza mbona sikuandika kwamba ni wezi. Nikamwambia hilo sikulipima. Hakupendezwa, lakini karatasi kaipokea.

Atakwenda Jumatatu. Aliomba niende naye, nimekataa; tukikutana mafundi wawili maneno yatakuwa mengi na yeye atasahaulika. Dereva nimempa mfuko wenye roka, vipande vya mikanda na ule ukoko wa silikoni, nikamwelekeza aanze kuonesha silikoni, maana mkanda watabishana naye na silikoni hawataweza.